BOKSI LA MWALIMU – KIRUMBA

ALHAMISI

Eliza (admin), 18:41
Habari za jioni wanaboksi. Nakumbusha kwa mara ya tatu. Doto yuko Nairobi mpaka kesho, dukani anaingia saa nne asubuhi, kile kitabu cha katuni cha Absolute Batman, hadithi ya Popo iliyoandikwa upya, wanacho, toleo la kwanza mpaka la sita yameshonwa pamoja. Tulikubaliana kila mtu elfu nane. Mpaka sasa nimepokea ya Deo, ya Mama Junior na yangu. Humu tupo watu 22. Jumapili saa tisa mchana kwa Mama, tunasoma wote kwa sauti kama zamani. Nijibuni jamani

Eliza, 19:20
Tiki za bluu naziona kumi na tano

Kulwa, 19:22
Dada Eliza si ndo yule Batman mpya hana hela? Basi tumchangie mwenyewe moja kwa moja, kitabu cha nini 😂😂

Shem Rama, 19:23
Batman anaungaunga mpaka mwisho wa mwezi 😂 anakwenda kupambana na majambazi kwa daladala ya Buhongwa, kondakta anamwambia popo sogea nyuma

Kulwa, 19:23
Mabawa kunja kaka, siti ya watu wawili hiyo 😂😂😂

Eliza, 19:25
Kulwa elfu nane. Shem elfu nane. Cheka ukishatuma

Mama Junior, 19:31
Dagaa wa Ukerewe wamefika, wakavu hawana mchanga, anayetaka aje inbox

Eliza, 19:32
Mama Junior na wewe

Beatus, 19:48
Nimeona hii mada tangu juzi nikakaa kimya, sasa ngoja niseme. Mimi sitoi hela. Si kwa sababu sina, kwa sababu huyo si Batman. Batman ni mtoto wa tajiri aliyebaki yatima akaamua mali yote ya wazazi iende kwenye kazi moja. Ukimwondolea jumba, ukimwondolea mtumishi wake Alfred, ukimwondolea hela, umebaki na jamaa mwenye hasira amevaa kinyago. Tangu 1939 watu wanampenda alivyo, leo mtu anakuja anafuta, halafu jina analiacha lilelile ili auze. Tunga stelingi wako mpya mpe jina lake tuone kama atauza

Junior, 19:55
Shikamooni wakubwa. Baba mdogo Beatus samahani naomba kuchangia

Mama Junior, 19:55
Marahaba mwanangu, homework umemaliza?

Junior, 19:58
Nimemaliza mama. Baba mdogo, aliyeandika si mgeni, ni Scott Snyder, huyohuyo aliyemwandika Batman wa kawaida kuanzia 2011 miaka kadhaa, anamjua ndani nje. Mchoraji ni Nick Dragotta. Ilianza Oktoba 2024. Na hawajamfuta yule wa zamani, anaendelea kutoka kila mwezi kwenye vitabu vyake, huyu yuko kwenye ulimwengu mwingine kabisa. Halafu hata huyo wa 1939 hakuzaliwa amekamilika. Toleo la 27 la jarida la Detective Comics anapotokea mara ya kwanza hakuna hata neno kuhusu wazazi kuuawa, hiyo habari imekuja toleo la 33, ni miezi sita mbele. Alfred ndo kabisa, kaingia 1943. Kwa hiyo vitu tunavyosema ndo Batman mwenyewe vilikuja vinaongezwa kidogokidogo

Kulwa, 20:01
Junior umeua 🔥

Shem Rama, 20:01
Mtoto anatoa mpaka namba ya toleo kama wakili

Beatus, 20:06
Kuongeza ni sawa. Kuondoa ni kitu kingine. Nyumba ukiijengea baraza ni nyumba ileile, ukiivunja msingi je?

Eliza, 20:07
Kaka hiyo yote utakuja kuisema Jumapili ukiwa umeshasoma. Doto anasubiri jibu. Wangapi wanatuma usiku huu? Naomba namba tu

Deo Geita, 20:15
Mimi nimeshatuma ila nataka kusema kitu. Junior alinirushia picha za lile gari lake. Jamani lile si gari la Batman tulilolizoea, lile ni lori la mgodini. Nimekaa kwenye usukani wa lori la namna ile mwaka wa tisa sasa. Gurudumu peke yake linanizidi urefu na mimi si mfupi, unapanda ngazi kama unaingia ghorofani, ukishakaa juu gari dogo likipita karibu yako hulioni kabisa ndo maana yanafungwa bendera ndefu juu. Aliyechora alikwenda kuangalia lori kweli, mpaka zile ngazi za mbele kaziweka. Na huyo Bruce, ndo Batman mwenyewe, ni injinia wa ujenzi, vitu anatengeneza mwenyewe, ile popo ya kifuani inachomoka inakuwa shoka. Mimi nilivyoona nikasema huyu ni wa kwetu. Yule wa zamani nilikuwa nampenda ndio lakini nilikuwa nampenda kama unavyoangalia nyumba za matajiri za Capri Point ukiwa unapita

Mama Junior, 20:17
🙌🙌

Kulwa, 20:18
Kwa hiyo Deo wewe ni Batman wa Geita

Shem Rama, 20:18
Popo wa dhahabu 😂

Eliza, 20:19
NAMBA TU NIMESEMA. 1 ukituma leo, 2 ukituma kesho kabla ya saa nne

Kulwa, 20:19
3

Eliza, 20:20
Kulwa

Junior, 20:24
Na kitu kingine baba Deo hujaona bado, marafiki zake. Wanakutana kucheza karata tangu wadogo. Mmoja Waylon, mmoja Oswald, mmoja Edward, mmoja Harvey, na Selina. Wale wote kwenye ile ya zamani ndo maadui zake, Waylon ndo Killer Croc, Oswald ndo Penguin, Harvey ndo Two-Face. Huku wamekua mtaa mmoja wanaitana kwa majina. Ukisoma unakaa roho juu maana wewe unajua wanaweza kuja kuwa nani na wao hawajui. Na Joker, yule adui yake mkubwa, sasa ndo tajiri, na hacheki

Deo Geita, 20:29
Hapo ndo pameniuma. Adui zako ni watu uliocheza nao

Beatus, 20:33
Deo wewe si wa kuongelea watu waliocheza pamoja. Boksi liko wapi?

Eliza, 20:33
Kaka tafadhali

Beatus, 20:35
Hapana ngoja. Mnaongea habari ya mtaa mmoja mtaa mmoja. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Kwenye lile boksi la katuni za Batman ndo tulipobakiwa na sauti ya baba, maana kila ukurasa alikuwa ametusomea kwa Kiswahili chake, nikifungua nasikia anavyosema "Popo akaruka paa mpaka paa." Halafu natoka banda la video nimenunua karanga za kikaratasi, nafungua, nakuta sikio la Batman na nusu ya mwezi. Na mafuta ya karanga yamepita katikati ya mwezi. Nani alikuwa anauza karanga pale? Tusifanye kama hatujui

Deo Geita, 20:41
Beatus mama yangu amelala miaka sita sasa. Alifunga karanga kwenye karatasi alizopata kihalali, na mimi nimekwambia tangu tuko la nne sikugusa boksi lenu. Umenisema kwenye msiba wa babu, umenisema kwenye harusi ya Eliza mbele za watu. Leo nimechangia kitabu nikiwa wa kwanza humu ndani na bado

Shem Rama, 20:42
Jamani jamani turudi kwenye popo

Kulwa, 20:43
Nimetuma yangu Eliza, angalia. Na ya Doto nimemlipia

Eliza, 20:44
Asante Kulwa. Tano.
Kaka Beatus, Deo, naomba wote wawili mnisikilize mimi mdogo wenu. Junior aliponiambia hadithi inapoanzia nilikaa chini. Huyo baba yake Bruce huku si daktari tajiri, ni MWALIMU. Aliwapeleka wanafunzi bustani ya wanyama safari ya shule, na mwanawe akiwemo, mtu akaanza kupiga risasi, mwalimu akawaingiza watoto kwenye nyumba ya popo akawafungia wawe salama, yeye akabaki nje. Mimi nilipofika hapo nikaona kisiwa cha Saanane. Nikaona baba anatuhesabu kwa kutugusa vichwani tunapanda boti, tunashuka anatugusa tena, tukitoka kwa simba anatugusa tena, mpaka Kulwa akawa anajificha ili aguswe mara mbili

Kulwa, 20:46
Nakumbuka. Kiganja chake kilikuwa na chaki muda wote, nywele zinabaki nyeupe

Mama Junior, 20:47
Mwalimu jamani 😢

Eliza, 20:49
Ndo maana nataka tusome wote. Si kitabu tu. Na hata ile ya zamani baba hakuwahi kutumalizia, kuna kurasa akawa anasema zimegandana kwa maji

Beatus, 20:58
Baba mwalimu sawa, nimekubali hapo wamegusa. Lakini Junior niambie ukweli, mama yake yuko wapi huku?

Junior, 20:59
Martha? Yupo hai baba mdogo. Anaonana na mwanawe kabisa

Beatus, 21:04
Basi mmeona. Hapo ndo wameharibu kila kitu. Nguvu yote ya Batman ni kwamba hana mtu. Akirudi usiku jumba tupu. Yatima kamili. Ukimwachia mama, yule ana mahali pa kurudi, ana mtu wa kumwuliza umekula, sasa hasira inatoka wapi? Hela wangeondoa ningevumilia. Mama wangemwacha alivyokuwa

Eliza, 21:06
Kaka mimi naona kinyume. Yule wa zamani akifa usiku hakuna wa kumlilia zaidi ya Alfred. Huyu kila akitoka kuna mtu hajui mwanawe yuko wapi. Anamdanganya mama yake akiwa anamwangalia usoni. Hiyo ni ngumu kuliko kukaa kwenye jumba peke yako

Deo Geita, 21:08
Eliza umesema

Beatus, 21:09
Hiyo ni tamthilia ya jioni, si Batman

Shem Rama, 21:10
Mama Batman anampigia mwanawe uko wapi, yeye yuko juu ya ghorofa anasema niko foleni Mabatini 😂😂

Kulwa, 21:10
😂😂😂 na upepo unasikika

Eliza, 21:12
Tano tu jamani. Saa tatu na dakika kumi na mbili. Kitabu kitakaa kwa nani nalo hatujasema, mimi napendekeza kwa Mama, watoto wa mtaani waje wasomee barazani

Beatus, 21:13
Kikiwa pale kitaishia kwenye karanga

Mama, 21:37
Habari zenu wanangu. Nimesoma kuanzia juu, mnisamehe naandika polepole.

Deo, boksi hukulichukua wewe. Mama yako hakuliiba. Nililitoa mimi kwa mikono yangu, nikamkuta jikoni kwake asubuhi anakaanga. Hakutaka kulipokea. Akanipa karanga sado nzima nikakataa, jioni nikazikuta mlangoni.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu tutoke makaburini Igoma. Ule ukurasa wazazi wamepigwa risasi na mtoto kapiga magoti, Mwalimu alikuwa akiufikia anauruka, ndo hizo kurasa anawaambia zimegandana. Hazikuwa zimegandana. Alipoondoka mkawa mnasoma wenyewe na mkaufikia. Usiku mmoja wenu alikuja kitandani kwangu akaniuliza, mama na wewe utakufa lini ili mimi niwe Popo. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anayeuliza shule zinafunguliwa lini. Sikulala. Kulipokucha nikalibeba boksi.

Mama Deo aliniahidi hatasema na hakusema mpaka tumemzika. Mimi nikanyamaza, nikaacha mtoto wake anaitwa mwizi miaka yote hii kwa sababu niliogopa mtaniuliza kwa nini nililitoa. Hilo ni langu, Deo. Jumapili nitakwambia ukiwa mbele yangu.

Huyo mama wa kwenye kitabu kama yuko hai, mwacheni awe hai.

Mama Junior, 21:52
🙏

Mama Junior, 21:52
Junior kalale

Fridah, 22:20
Jamani ndo natoka kazini. Elfu nane ni ya nini? Sijasoma juu meseji nyingi

Fridah, 22:34
Nimesoma. Natuma sasa hivi. Pole Mama Mwalimu

Eliza, 22:51
Mama nimekupigia simu haipatikani, najua umeizima ulale. Nakuja kesho asubuhi kabla ya kazi

Deo Geita, 23:05
Mama Mwalimu nimesoma. Niko zamu ya usiku tumesimama kidogo wanapulizia vumbi maji. Mama yangu kila nikirudi shule nalia watoto wananiita mwizi alikuwa ananiambia kitu kimoja tu, nyamaza mwanangu Mungu anajua. Nikawa nahisi hata yeye haniamini. Sasa nimeelewa. Wabeja sana mayu, asante sana mama

Beatus, 23:48
Deo nimekupigia mara nne. Najua uko kazini. Ukitoka pokea

IJUMAA

Fr. Wa Bwiru, 05:52
Amkeni salama. Naona kuna mambo makubwa jana, nilikuwa safarini. Elfu nane nimetuma na ya mtu mmoja asiyeweza, msitaje jina

Eliza, 06:40
Asante Father. Nane sasa. Niko kwa Mama. Yuko salama, anapepeta mchele. Hataki maongezi zaidi anasema ameshasema. Ameniuliza hicho kitabu kina maandishi makubwa au madogo

Junior, 06:44
Mengine madogo sana bibi. Mimi nitakusomea

Kulwa, 07:15
Wenye zamu ya kusoma wapangwe mapema. Mimi nachukua Joker

Shem Rama, 07:16
Joker wa huku hacheki Kulwa, hutaweza

Deo Geita, 07:58
Zamu imeisha. Beatus nimeona simu zako. Naomba nilale kwanza, kichwa hakijakaa. Nitapiga mchana.
Eliza nilisahau kusema, Jumapili niko zamu ya mchana. Natoka Jumatatu

Eliza, 08:01
Deo jamani. Huwezi kubadilishana na mtu? Mama amesema mbele yako

Deo Geita, 08:03
Nitamwuliza msimamizi. Siahidi

Beatus, 08:20
Nimekata tiketi ya basi la kesho alfajiri kutoka Dar. Ila Jumatatu jioni lazima niwe nimeanza kurudi. Kama Deo anatoka Jumatatu asubuhi tufanye Jumatatu asubuhi

Mama Junior, 08:22
Jumatatu watoto wako shule na mimi niko mwaloni tangu saa kumi na moja, dagaa hawanisubiri

Kulwa, 08:23
Jumatatu mimi hapana

Eliza, 08:25
Ngojeni. Jumapili inabaki Jumapili mpaka Deo ajibiwe

Doto, 10:04
Habarini, niko dukani. Kipo kimoja tu, mwenye duka anasema vingine viliisha na hajui lini vinakuja. Kina jalada gumu, ndo bei imepanda kidogo kuliko aliyoniambia juzi. Hela iliyofika haitoshi. Nichukue au niache?

Doto, 10:09
Jamani kuna kijana mwingine kakishika

Doto, 10:11
Eliza

Beatus, 10:12
Chukua. Pungufu nakutumia mimi sasa hivi, nipe kiasi

Doto, 10:13
Nimekuandikia pembeni

Beatus, 10:16
Imekwenda

Doto, 10:19
Nimechukua. Nimekifungua kidogo tu. Kaka Beatus yule mama wamemchora vizuri

Beatus, 10:40
Msinionyeshe picha. Nitaona pale pale

Eliza, 11:02
Nilikuwa kikaoni samahanini. Asante kaka. Asante Doto. Sasa yamebaki: Deo na zamu yake, samaki nani analeta, na kitabu kikae wapi. Mimi bado nasema kwa Mama

Shem Rama, 11:10
Sato wawili wakubwa nitaleta mimi

Eliza, 11:11
Watu kumi na mbili Shem

Shem Rama, 11:14
Wakubwa lakini

Mama, 11:30
Jumapili ibada ya pili inatoka saa nane. Msije kabla. Kitabu nikikiona ndo nitajua kama nitakaa nacho

Eliza, 11:31
Sawa Mama

Doto, 16:45
Niko stendi tayari, basi linatoka jioni kupitia Sirari. Nani atanipokea Nyamhongolo kesho asubuhi? Nina mizigo na kitabu nimekifunga kwenye kanga mbili

Doto, 17:20
Jamani bando linaisha, nani?